Tuache kuchimba miguu ya daraja

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama na vijana mnaokula juu ya jasho la shimo, leo sitaongea juu ya bei ya gramu. Nitaongea juu ya maji: vile yanafanya kazi usiku na mchana chini ya madaraja yetu, fasi ambayo jicho halifiki, na vile sisi wenyewe tunayasaidia kufanya kazi mbaya.

Ukitaka kuelewa haraka, toa viatu, ingia katika mto wenye mchanga, simama bila kutikisika. Dakika mbili hazipiti utasikia mchanga unatoka chini ya kisigino. Mguu unazama kidogo kidogo. Hujachimba kitu, umesimama tu. Maji yakikuta mguu wako yanapasuka pande mbili na kupita mbio kuliko mwanzo. Mengine yanateremka mbele ya mguu mpaka chini, yanazunguka, yanaokota mchanga na kuupeleka. Mguu wako ni nguzo. Nguzo ya daraja inapata jambo lile lile kila saa, mwaka baada ya mwaka.

Mainjinia wamepima jambo hili muda mrefu. Katika mto wenye mchanga, shimo ambalo maji yanachimba kwenye mguu wa nguzo linaweza kufika mara mbili ya upana wa nguzo, na hata kupita kidogo. Nguzo yenye upana wa mita 1 inaweza kupata shimo la mita 2 na zaidi wakati mto umejaa. Sasa kama msingi wake uliteremshwa mita 3 tu, kimebaki nini cha kuishikilia? Na kama mtu amekwisha kutoa mita 1 na beleshi yake, kimebaki nini?

Matata haya hayako ya kwetu peke yetu. Huko Ulaya wanaweka sasa turbini za umeme chini ya bahari. Bahari inajaa na kupwa, na fasi nyembamba maji yanakimbia kama mto mkubwa. Katika Pentland Firth, upande wa kaskazini wa Scotland, mradi unaoitwa MeyGen uliweka turbini 4 chini ya maji, kila moja ya megawati 1.5. Moja ya mambo ya kwanza mainjinia wanauliza kabla ya kuweka mtambo kama huo ni hili: pale chini kuko nini, mwamba ao mchanga? Pentland Firth ni mwamba, maji yenyewe yamekwisha kufagia mchanga zamani. Kwa hiyo turbini zile zimekaa juu ya miguu mitatu ya chuma, na juu ya miguu hiyo wameweka vizito vikubwa sana ili mkondo usiisukume. Fasi ambapo chini ni mchanga, wanalazimika kumwaga mawe makubwa kuzunguka mguu wa mtambo, la sivyo bahari itauchimba na siku moja utalala.

Watu wenye pesa na mashine, wanaotuma wapiga mbizi na kamera chini ya bahari, wanaogopa shimo la mguu wa nguzo. Sisi tunaopita na chukudu na pikipiki juu ya nguzo ambazo hakuna mtu ametazama chini yake, juu ya nini hatuogopi?

Sababu moja naijua, na kila mchimbaji wa mtoni anaijua, hata kama hataisema mbele ya wageni. Dhahabu inapenda nguzo.

Dhahabu ni nzito. Maji yenye nguvu yanaibeba pamoja na mchanga mweusi, na pale maji yanapopunguza mbio, inaanguka. Nyuma ya jiwe kubwa. Ndani ya ufa wa mwamba. Katika shimo ambalo maji yenyewe yamechimba. Mzee aliyetufundisha kazi alituambia tutafute mgongo wa jiwe. Na nguzo ya daraja ni nini kama si jiwe kubwa ambalo Serikali imelisimamisha katikati ya mto? Maji yanachimba shimo mbele na pembeni yake, yanaangusha vitu vizito nyuma yake. Kwa hiyo vijana wanakwenda pale na karai na ubao wa kuoshea, na wanapata. Si uongo. Wanapata kuliko wenzao walioko mita mia mbili mbali.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka zaidi ya kumi na tano imepita. Tulikuwa watu tisa na motopompi moja, na tulifanya kazi chini ya daraja dogo la saruji kwenye njia ya machimbo. Majuma matatu tulikula vizuri. Hakuna mtu alitufukuza; wale waliokuwa na kazi ya kutufukuza walikuja siku ya posho kuchukua fungu lao. Halafu ikaja mvua ya mwezi wa ine. Usiku mmoja tulisikia kishindo, na asubuhi nguzo moja ilikuwa imeinama kama mtu aliyelewa. Daraja halikuanguka lote. Lilipasuka katikati, na gari haikupita tena.

Wandugu, hesabu niliyofanya baada ya pale ndiyo ilinifanya niingie katika sendika. Dhahabu tuliyotoa chini ya nguzo ile ilitulipia majuma matatu. Daraja lilikatika miezi mingi. Mfuko wa mchele ulipanda bei kwa sababu ulivushwa juu ya mgongo wa watu. Mafuta ya motopompi yalipanda, kwa hiyo hata wenzetu ambao hawakugusa nguzo walipoteza kazi. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alivushwa juu ya kiti, wanaume wanne ndani ya maji mpaka kifuani. Alifika. Nashukuru Mungu alifika. Lakini mimi nilikuwa mmoja wa wale wanne, na nilipokuwa katikati ya mto nilijua ni nani aliyeweka mama yule juu ya kiti.

Kwa hiyo sisemi haya kama mtu wa ofisi. Nasema kama mtu aliyekula dhahabu ya nguzo.

Kuko mambo mawili ambayo sikuyajua wakati ule, na ambayo kila mchimbaji anapaswa kuyajua.

La kwanza: mto unaficha mashimo yake. Shimo la nguzo linachimbwa wakati mto umejaa, maji ni ya udongo, hakuna mtu anaona chini. Mafuriko yakipungua, mto uleule unarudisha mchanga ndani ya shimo. Ukija wakati wa kiangazi, unaona mchanga mzuri, sawasawa, umezunguka nguzo. Unasema daraja liko salama. Kumbe mchanga ule ni kama udongo wa shimo lililofukiwa: unaonekana kama ardhi lakini haushikilii kitu. Sisi tunajua tofauti kati ya udongo uliolala toka zamani na udongo uliorudishwa. Tunapiga baramini na mkono unasikia. Basi chini ya daraja ni vile vile. Kiongozi anayekuja kiangazi, anatazama toka juu ndani ya gari na kusema daraja halina shida, hajatazama kitu.

La pili: shimo linapanda. Ukichimba chini ya daraja kwa upande maji yanakoelekea, hata mita mia tatu mbali, mto unakuwa na ngazi. Maji yakifika kwenye ngazi ile yanaanguka kwa nguvu, yanakula ukingo wa ngazi, na ngazi inarudi nyuma, inapanda mto kidogo kidogo mpaka inafika kwenye nguzo. Wale waliochimba wamekwisha kuhama zamani, na watu watasema ni mvua. Katika nchi ya Ecuador, huko Amerika ya Kusini, mto Coca ulionyesha jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 2 Februari 2020 maporomoko ya San Rafael yalitoweka, mto ulijipasulia njia mpya, na toka siku ile chini ya mto imekuwa ikiliwa kwa kurudi juu, kuelekea fasi ambapo kituo kikubwa kabisa cha umeme cha nchi ile, Coca Codo Sinclair cha megawati 1,500, kinachukua maji yake. Mwezi wa Aprili mwaka uleule mabomba ya mafuta yalikatika na mafuta yakaingia mtoni. Wataalamu wanabishana juu ya chanzo, lakini wote wanakubali namna yenyewe: mto ukipata ngazi, unakula kwa kurudi nyuma.

Ecuador haikuwa na mchimbaji wa kushtaki. Lakini Ureno ilikuwa nao. Kule kulikuwa na daraja la Hintze Ribeiro, juu ya mto Douro, daraja la zamani la karne ya 19. Kwa miaka mingi makampuni yalitoa mchanga katika mto ule kwa ajili ya ujenzi. Kila mwaka chini ya mto ilishuka, na miguu ya nguzo ikabaki wazi. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001, mto umejaa, nguzo moja ikaondoka, na basi pamoja na magari madogo yakaanguka ndani ya maji. Watu 59 walikufa. Waziri aliyehusika na ujenzi, Jorge Coelho, akajiuzulu. Ureno ni nchi ya Ulaya, yenye mainjinia na maofisi. Mchanga ulitolewa kwa vibali. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba karatasi yenye muhuri inazuia nguzo kuanguka. Maji hayasomi karatasi.

Tukaribie nyumbani. Mwezi wa Mei 2023, huko Uganda, mto Katonga ulikata barabara kubwa ya Kampala kwenda Masaka, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Wakaaji wengi wa kule walinyosha kidole juu ya uchimbaji wa mchanga katika bonde la Lwera. Ile ndiyo barabara ya kwenda Mbarara, na wafanyabiashara wa Butembo wanajua ni bidhaa ngapi zinafika Kasindi zikitokea upande ule. Nguzo ikila hasara Uganda, sahani inapungua Butembo.

Na nyuma tu ya mlima wetu Rwenzori kuko Kilembe, mji wa wachimbaji kama sisi. Mgodi ule wa shaba ulifanya kazi toka 1956 mpaka 1982. Kampuni iliondoka, lakini malundo ya mabaki ya mawe yalibaki kandokando ya mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013, sikukuu ya wafanyakazi, mto ulivunja kingo zake. Ulirudi tena Mei 2020, na hospitali ya Kilembe ikapigwa. Nyumba za familia za wachimbaji wa zamani zilikwenda, madaraja yalikwenda, na mpaka leo mto unaendelea kula malundo yale. Wazee waliochimba shaba ile wengi wamekufa. Ni wajukuu wao wanaolipa. Nataka kila mzee wa machimbo ya Bapere na ya Beni afikiri juu ya wajukuu wake anaposoma haya.

Sasa mtu ataniuliza: umeanza na turbini za bahari, sisi tuko na turbini gani? Tuko nazo. Mutwanga, chini ya Rwenzori, kituo cha kwanza kidogo cha umeme wa maji kilianza mwaka wa 2013. Matebe, Rutshuru, megawati 13.8, mwaka wa 2015. Na Luviro, katika teritware ya Lubero, megawati 14.6. Linganisha: turbini zote 4 za MeyGen pamoja ni megawati 6. Umeme wa mto wetu si kitu kidogo. Ni moulin inayosaga mihogo, ni soudeur, ni taa ya maternité, ni kijana anayepata kazi nyingine zaidi ya kushuka shimoni.

Vituo vyetu havikukaa katikati ya maji kama zile za bahari. Kunakuwa ukuta mdogo unaokatiza mto, maji yanaingia katika mfereji ao bomba, yanateremka na kuzungusha turbini, halafu yanarudi mtoni. Lakini adui ni yuleyule, na anaingia kwa milango miwili. Ukichimba chini ya ukuta, ngazi inapanda na kuula mguu wake. Ukichimba juu ya ukuta, unatuma mchanga na matope ndani ya bomba. Mchanga wetu una mawe meupe magumu ndani yake, yale yale tunayoponda kutafuta dhahabu. Yakiingia katika turbini yanakula chuma kama tupa inavyokula panga. Umeme unapungua, mtambo unasimamishwa ili utengenezwe, na mwisho wa mwezi mteja ndiye analipa.

Najua maneno nitakayojibiwa. Nimeyasikia katika mikutano yetu.

La kwanza ni: «Sisi tuna mabeleshi, wao wana draga. Enda kuongea na wenye draga.» Ni kweli. Draga moja yenye mashine inatoa changarawe kwa siku moja kuliko kikosi chetu kwa majuma. Na wengi wa wenye draga wana mtu mkubwa nyuma yao. Sendika lazima iseme hayo bila kuogopa. Lakini siku tutakapopeleka malalamiko yetu dhidi ya draga, jambo la kwanza watakalofanya ni kupiga picha ya vijana wetu na makarai yao kwenye mguu wa daraja. Tutajibu nini? Mwenye mikono michafu hawezi kuonyesha uchafu wa mwenzake. Tukitoka sisi kwanza pale chini, tutakuwa na kinywa cha kusema.

La pili ni: «Tuchimbe wapi basi?» Swali hili ni la haki kabisa, na si la kumjibu mchimbaji kwa fimbo. Sheria ya madini inasema mchimbaji wa mikono afanye kazi ndani ya eneo la uchimbaji wa mikono na awe katika kooperative. Sawa. Lakini maeneo hayo ni machache, mengine yako mbali na dhahabu, mengine yako fasi ambapo waasi wa ADF wanapita. Mwaka wa 2024 familia zetu za Bapere zilikimbia kuelekea Butembo na magodoro juu ya kichwa. Walipita wapi? Walipita juu ya madaraja. Usisahau jambo hilo unapotazama nguzo: siku ya kukimbia, daraja ni mlango wa nyumba. Kwa hiyo tunaidai Serikali maeneo yenye dhahabu na usalama. Na wakati tunapoidai, tusijikatie mlango wenyewe.

La tatu ni: «Mungu ndiye anajua daraja litaanguka lini.» Mungu anajua, ndiyo. Na Mungu ametupa kamba ya kupimia.

Sheria yenyewe inasema nini? Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, kifungu cha 279, inakataza kukalia ardhi iliyo kwenye baraji ao karibu nayo kuliko mita 90, na inakataza vile vile barabara, isipokuwa kwa ruhusa ya wakubwa wenye haki. Mita 90 ni mwanzo mzuri. Lakini kwa sababu shimo linapanda, kwa upande maji yanakoelekea mita 90 hazitoshi. Mimi napendekeza kooperative zetu zijipe sheria yao kali zaidi: mita 100 juu ya daraja ao baraji, na mita 500 chini yake. Tupige nguzo za miti ziliyopakwa rangi nyekundu pande zote mbili za mto, na kila PDG wa shimo atie sahihi. Mwenye kuvuka alama afukuzwe na wenzake, bila kungojea polisi wa kuja kuchukua fungu.

Halafu tupime. Kazi hii haiitaji mashine ya Scotland. Chukua kamba yenye fundo kila nusu mita, funga chuma kizito kwenye ncha yake, simama juu ya daraja, teremsha mbele ya kila nguzo kwa upande maji yanakotoka. Andika katika kaye: tarehe, nguzo ya ngapi, mafundo mangapi toka juu ya daraja mpaka chini. Fanya hivyo kila mwezi na kila mara mto unapojaa, hata kama mvua bado inanyesha, lakini usijitie hatarini. Kiangazi, shuka na baramini, piga mchanga kandokando ya nguzo: ikizama kwa urahisi, andika umezama mita ngapi. Baada ya mwaka mmoja, kaye ile itakuwa ushahidi ambao hakuna ofisi inaweza kukataa. Waliosoma kidogo kati yetu wapewe kazi hiyo. Vijana wetu wengi wana diplome d'État na wanabeba mifuko ya changarawe. Hii ni kazi ya kichwa chao.

Mawe tuko nayo. Kila shimo linatoa malundo ya mawe yasiyo na dhahabu, na tunayatupa ovyo, mara nyingi mtoni, fasi ambapo yanageuza maji yaelekee ukingoni na kuuangusha. Mawe hayo makubwa, yakipangwa vizuri kwenye mguu wa nguzo, ndiyo dawa ileile wanayotumia baharini. Lakini tusikimbilie kumwaga tu. Chini kunatakiwa mawe madogo kwanza, halafu makubwa juu, la sivyo maji yatanyonya mchanga kupitia nafasi kati ya mawe na yote yatazama. Na ukijaza mto mawe mengi, unaufanya mwembamba, maji yanaongeza mbio, na nguzo ya pili inakuwa mgonjwa. Kwa hiyo tunahitaji injinia wa Office des Routes aje aonyeshe, na sisi tutabeba. Siku ya salongo iwe na maana.

Na pesa? Kila lita ya mafuta tunayotia katika motopompi ina fungu la FONER ndani yake, toka mfuko huo uanzishwe mwaka wa 2008 kwa ajili ya kutunza barabara. Kila gari inayopita péage inalipa. Daraja ni barabara. Tunaomba ibandikwe pale pale kwenye péage, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ni daraja gani limetazamwa mwaka huu na pesa ngapi zimetumika. Na kwa makampuni yenye vibali: sheria ya 2018 inagawa redevansi ya madini kwa mafungu, 50 kwa mia kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chefferie, sekta ao komini ambapo madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 kwa mia, ikifika kweli, inunue mawe ya nguzo kabla ya kununua gari la kiongozi.

Wakati ni sasa. Tarehe 16 Juni 2021 marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua Kasindi kazi ya barabara mpya: kilomita 80 Kasindi mpaka Beni, 54 Beni mpaka Butembo. Barabara nzuri inaleta malori mazito na yenye mbio. Ukiweka goudron juu na mto unakula chini, umevisha mgonjwa suti. Na toka Goma ianguke Januari 2025, uongozi wa jimbo unafanya kazi hapa Beni. Hatuna tena kisingizio kwamba ofisi iko mbali. Tupeleke kaye zetu mkononi.

Kwa upande wangu, nimekwisha kununua kamba. Mita 12, mafundo 24, na kipande cha chuma cha motopompi iliyokufa. Siku ya posho inayokuja, kikosi chetu kitapima daraja tunalopitia kwenda kazini, nguzo kwa nguzo. Mwenye karai yake chini ya nguzo ile, namwomba kwa heshima atoke kabla hatujafika. Hatutamuuliza jina. Sisi pia tulikuwa pale.